Uzi Mwekundu Mguuni mwa Tabby

Ukifunikwa leso mbili kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, unachobaki kuona duniani ni viatu vya watu. Wacera aliona vingi mchana ule uani kwao Munyaka. Aliona vya mpiga picha, vichafu. Aliona vya Tata Gathoni, shangazi yake, vya visigino virefu vilivyozama kwenye nyasi kila alipokanyaga, lakini hakutulia, kwa sababu leo ndiye aliyekuwa msimamizi wa wanawake na alitaka kila mtu alijue hilo. Kisha akaona viatu alivyokuwa akivisubiri, vyeusi, vipya, ambavyo yeye mwenyewe alisaidia kuvichagua mjini.

Viatu vya Kimeli vilikuja polepole kutoka kushoto. Wanawake walikuwa wamepangwa mstari mmoja, wote wamefunikwa, warefu wameinama kidogo ili urefu usiwasaliti. Kwa kina Wacera, siku ya ruracio, mahari ikishazungumzwa, kijana hupelekwa mbele ya mstari kama huo akaambiwa amtoe mke wake. Akipata, vigelegele. Akikosa, watu hucheka, analipa mbuzi, anarudia. Ni mchezo tu. Ndivyo walivyoambiwa wageni waliotoka Kaptagat, na wageni hao, ambao kwao msichana huletwa mbele ya wazee uso wazi akaulizwa kama anamjua mtu huyu, walitazamana kidogo wakasema sawa.

Kwa Wacera haukuwa mchezo hata kidogo.

Kimeli alikuwa mkalimani wa Kichina katika kampuni iliyojenga barabara. Tangu walipofahamiana, hakukosa kumtumia ujumbe asubuhi: msemo wa Kichina kuhusu majaliwa, umeandikwa kwa zile herufi zao, na chini yake maelezo ya Kiswahili. Mingine ilihusu safari ndefu, mingine mashua, mingine hata mto wa kulalia. Wachina, alimwambia, wana neno moja, yuanfen, la kile kinachowavuta watu wawili kutoka mbali hadi wakutane, na ukiwa nacho na mtu, hakuna ukuta wa kuwazuia. Wacera aliyasoma hayo dukani kwa babake, kati ya mifuko ya mbegu na dawa za kuogeshea ng'ombe, huku wateja wakimsubiri na yeye akitabasamu peke yake. Wengine walimwonea huruma.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mzee wa mwezini ambaye huwafunga watoto wachanga uzi mwekundu miguuni, mmoja huku, mwingine kule, na hao wakikua ni lazima wataoana. "Hata wakufunike magunia, nitakujua," Kimeli alimwambia siku moja msituni Kaptagat, mikono yao imeshikana. "Hata nikifumba macho." Naye Wacera akaamini. Mlaumu ukitaka, lakini angekuambia wewe kwa sauti ile, ungeamini pia.

Kilichomuuma ni kilichotokea chumbani, saa ile wanawake walipokuwa wakijifunga leso. Tabby, binamu yake, alipiga magoti mbele yake na kumshika mguu.

"Leta mguu hapa."

"Wa nini?"

"Wacha maswali. Ni uzi wa Kimeli. Ule wa Kichina."

Wacera alicheka kwanza, akidhani ni zawadi. "Amekupa lini?"

"Juzi." Mdomo wa Tabby haujawahi kuwa na kufuli. "Aliniambia nikufunge mguuni na niuache uonekane kidogo, ndio asikukose. Aki alikuwa anaogopa! Hata sauti ilikuwa inatetemeka."

Kicheko kikamkauka Wacera mdomoni. Alikumbuka jumbe zote zile, zote alizihifadhi, hakufuta hata moja. Akaona aibu, aibu ya mtu aliyegundua kwamba alikuwa akiimba kanisani peke yake wakati wengine wote wamenyamaza. Kumbe majaliwa ya Kichina yalihitaji kusaidiwa na Tabby?

"Jifunge wewe," alisema.

"Nini?"

"Huo uzi. Jifunge wewe. Kama ananijua, ananijua."

"Wacera, usifanye hivyo. Itakuwa mambo mbaya."

"Jifunge, Tabby. Na usiseme kitu."

Na sasa viatu vyeusi vikasimama mbele yake.

Uwanja ulinyamaza. Wacera alisikia harufu ya sabuni yake. Alimsikia akivuta pumzi na kuiachilia kwa mkato, vile alivyofanya kila mara alipomwona akitoka dukani jioni. Kivuli cha mkono kikapanda juu ya leso, mbele ya uso wake kabisa. Ni mimi, Wacera alisema moyoni. Inua. Ni mimi.

Mkono ukashuka. Ncha za viatu zikageuka, zikaenda kwa mtu wa pili.

"Huyu," Kimeli akasema.

Leso ilipoanguka, alikuwa Tabby, mdomo wazi, uso wa mtu anayetaka ardhi immeze. Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Nekoye, rafiki ya Wacera aliyekuwa mwisho wa mstari, alijifunua akajishika mbavu. Tata Gathoni, ambaye tangu mwanzo hakumtaka Kimeli na hakuficha, alimpokonya kipaza sauti kijana wa muziki.

"Haki ya Mungu! Si tuliambiwa ni mambo ya majaliwa kutoka China? Basi majaliwa yamempenda Tabby!"

Kicheko kikapanda tena. Simu zilikuwa juu, kila mtu anarekodi.

Wacera alijifunua. Kutoka pale aliposimama alimwona Kimeli amesimama mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Lakini hakuwa yeye aliyemvunja Wacera moyo. Alikuwa mama yake Kimeli. Kule kwenye hema la wageni, Mama Chebet alikuwa ameivuta shali yake ikamfunika uso mzima, na hakuitoa.

Mzee Paul, mjomba wake Kimeli na msemaji wa wageni, alisimama. Akachukua kofia yake, akachukua na fimbo.

"Tumekuja hapa na heshima zetu," alisema bila kipaza sauti, na kila mtu akamsikia. "Mkatuambia ni mchezo, tukakubali. Lakini sisi hatuna mchezo wa kumcheka mgeni mbele ya mama yake. Tunaomba ruhusa twende."

"Mzee Paul, tafadhali." Mzee Irungu, babake Wacera, alikimbia karibu aanguke. "Keti. Hapa kwetu hata mimi nilikosea siku yangu. Nililipa mbuzi, nikarudia."

"Labda mama yako alicheka. Huyu unaona anacheka?"

Mzee Irungu akatazama shali ile. Alijua, na kila mtu pale alijua, kwamba wageni wakitoka getini kabla ya kula, hakuna atakayewarudisha. Kimeli aliomba kwa sauti ya chini aende anywe maji kidogo. Akapita katikati ya watu, kichwa chini, akaelekea nyuma ya jikoni. Wacera akamfuata. Tata Gathoni alimshika leso, naye akamwachia leso.

Alimkuta amesimama kando ya tangi la maji, uso umelowa. Sijui ni maji pekee au kulikuwa na kingine.

"Kimeli."

"Rudi, Wacera. Watakuona."

"Wacha wanione."

Kimeli hakugeuka. Alikuwa akitazama miguu ya Wacera, iliyo wazi, isiyo na kitu. Kisha polepole akainua macho.

"Uzi uko wapi?"

"Si uliuona? Uko kwa Tabby." Wacera alitaka kusema kwa ukali, sauti ikakataa. "Mimi ndio nilimwambia ajifunge."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini, Wacera?"

"Kwa sababu uliniambia utanijua! Hata kwa magunia, ulisema. Hata ukifumba macho. Nikaamka kila siku nikasoma misemo yako kama mtu anasoma Biblia. Halafu Tabby anakuja ananishika mguu, ananiambia umemtuma aniwekee alama kama ng'ombe. Ungesikiaje wewe?"

"Si kama ng'ombe."

"Kama nini, basi?"

Lugha zote alizozijua Kimeli hazikumsaidia hapo.

"Nilikujua," alisema hatimaye.

"Usinidanganye tena. Please."

"Nilikujua. Nilipofika mbele yako nilijua ni wewe. Ukisimama sana unaegemea mguu mmoja, hata kanisani. Nilikuwa nishainua mkono. Halafu nikaona uzi kwa yule wa pili, nikajiambia labda ni mimi nimekosea."

"Kwa hivyo ulinijua ukanipita."

Neno lile lilikuwa limetoka tayari na hapakuwa na mahali pa kulirudisha. Ndani ya jikoni wanawake walikuwa wakigombana juu ya sufuria ya maharagwe ya njahi, na Wacera aliwasikia kama walio mbali sana. Alikuwa amejiandaa kuumizwa na mtu ambaye hakumjua. Hakujiandaa kwa hili.

"Uliogopa nini?" aliuliza. "Mbuzi mmoja?"

"Mama." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama hakutaka tuje. Si kwamba anakuchukia, hapana. Anasema hatuwajui nyinyi, hajui mtanipokeaje. Jana aliomba hadi nikamwonea huruma. Halafu akaniambia, kesho Mungu ataonyesha. Ukimtoa msichana wako kwenye hiyo mstari, nitajua ni yeye, sitasema kitu tena. Ukikosea, nimepata jibu langu, na usiniulize tena." Akatazama upande wa hema. "Singeweza kubahatisha, Wacera. Kitu kingine ningebahatisha. Si wewe."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia aje? Mimi na misemo yangu yote? Niseme yule mtu wa majaliwa anaogopa leso? Niliona aibu."

Wacera alikaa kwenye ukingo wa saruji wa tangi. Aliiona tena shali ile. Alikuwa amedhani anamjaribu Kimeli, mambo yao wawili, ya mtu na mpenzi wake. Kumbe kule hemani mama mzima alikuwa amekaa na maombi yake mkononi akisubiri jibu kutoka mbinguni, na jibu lenyewe likapikwa na Wacera chumbani kwa hasira ya dakika moja. Alisimama.

"Naenda kumwambia."

Kimeli akamshika mkono. "Usimwambie."

"Anafikiria Mungu amenikataa!"

"Akijua ni wewe ulifanya, atakukataa yeye. Mimi ni mtoto wake, hata nikikosea nitabaki kuwa mtoto wake. Wewe bado huna mizizi kwake. Wacha niibebe mimi, Wacera. Tafadhali."

Walitazamana. Kama kulikuwa na saa ambayo Wacera alimpenda mwanaume huyu kuliko zote, ilikuwa hiyo, na ndiyo saa aliyojiona duni kuliko zote. Mzee Irungu aliita kutoka uwanjani, na Kimeli akauachia mkono wake akatangulia.

Wageni walikuwa wamesimama karibu wote. Kimeli hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda hadi mbele ya mama yake, akazungumza kwa Kiswahili ili pande zote mbili zisikie.

"Mzee Paul, naomba uketi. Hawa watu hawakutudharau. Ni mimi nimewadharau wote. Nilimwomba Tabby awekee Wacera alama mguuni ndio nisikose. Nikafuata alama, sikufuata Wacera."

Mnong'ono ukapita kutoka hema hadi hema. Mzee Paul aliketi.

"Uliiba," alisema.

"Niliiba, Mzee."

"Na ukaiba vibaya." Kuna mtu alicheka huko nyuma, akanyamazishwa.

"Sasa hiyo alama ilifikaje kwa Tabby?" Mzee Irungu aliuliza, uso umekunjamana.

Tabby aliinamisha kichwa.

"Tabby hana makosa," Kimeli akajibu upesi. "Wala mtu mwingine. Ni mimi peke yangu."

Shali ikashuka. Uso wa Mama Chebet ulikuwa mkavu, na hapo ndipo Wacera alipotamani angekuwa analia.

"Nilimwomba Mungu," mama alisema polepole, "na wewe ukaweka mkono wako katikati."

"Ndiyo, Mama."

"Umeniaibisha mara mbili, Kimeli. Nilipochekwa, na sasa."

Kimeli alibaki pale, kichwa chini, mbele ya watu aliokula nao, aliosoma nao, na wengine aliowaona leo mara ya kwanza. Hata Tata Gathoni aliweka kipaza sauti mezani akajifanya anapanga vikombe.

Mzee Irungu alikuwa mtu wa duka, na alijua kwamba mzigo ukianza kuanguka unaushika popote utakaposhika. Akaagiza kibuyu. Nyumba yake ilikuwa ya kanisa, kwa hivyo badala ya pombe ya wazee kulikuwa na uji, lakini swali lilikuwa lile lile la tangu zamani. Msichana hushika kibuyu, babake humuuliza kama wanywe. Akisema wanywe, amekubali mume. Akikataa, wageni hurudi na vitu vyao.

Wacera alibeba jina la mama yake Mzee Irungu, na mzee alipotaka kumwita kwa upendo, alimwita Maitu, yaani mama.

"Maitu," alisema sasa, akimkabidhi kibuyu. "Umemsikia kijana. Mimi nimeona mtu anayekosea akasema amekosea. Lakini si mimi nitakayeishi naye. Nikuulize mbele ya hawa wote. Tunywe, au tusinywe?"

Simu zikainuka tena. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, vigelegele vingelia, chakula kingepakuliwa, na watu wangesema msichana gani huyu mwenye roho nzuri, amemsamehe. Miaka yote angekuwa mke aliyesamehe. Alimtazama Kimeli. Kimeli akamtikisia kichwa kidogo sana, kidogo kiasi kwamba ni yeye pekee aliyeona. Usiseme.

"Baba," Wacera alisema, "mimi sifai kuulizwa."

"Unasema nini?"

Wacera alivuka uwanja akiwa na kibuyu mikononi hadi kwenye hema la wageni, akapiga magoti mbele ya Mama Chebet. Nyasi zilikuwa na unyevu, ukapenya hadi kwenye ngozi.

"Mama, huyu anakudanganya tena. Alama ililetwa kwangu. Mimi ndiye nilimpa Tabby, kusudi, nimjaribu. Sikujua unaomba. Lakini hata ningejua, sijui, nilikuwa na hasira." Akainua macho. "Alinijua. Alisimama mbele yangu akanijua kabisa, na mimi nikanyamaza chini ya leso nikamwacha apite."

"Ngai!" Tata Gathoni alisema, bila kipaza sauti na bila mzaha.

Mzee Irungu alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. Hakumtazama bintiye. Hilo, kati ya yote ya siku ile, ndilo lililomchoma Wacera zaidi, kwa sababu babake hakuwahi kukosa kumtazama.

Mama Chebet alimwangalia muda mrefu. Alimwangalia uso, mabega, miguu isiyo na viatu. Hakumwinua. Hakumwambia maneno matamu ambayo Wacera, ndani kabisa, alikuwa ameyatumaini.

"Ulimjaribu yeye," alisema mama hatimaye. "Hukunijaribu mimi. Mbona unaniletea mimi kibuyu? Yule pale. Muulize."

Wacera akageuka akiwa bado amepiga magoti. Watu walikuwa wengi, lakini walitoweka wote, akabaki mmoja, shati limelowa kifuani, macho mekundu. Hata msemo mmoja hakuwa nao.

"Kimeli," alisema. "Tunywe?"

Kimeli alikuja. Alipiga magoti naye kwenye nyasi zile zile, jambo ambalo si la desturi ya kwao wala ya kina Wacera, na wazee wa pande zote mbili wakaguna. Akaweka mikono yake juu ya mikono ya Wacera kwenye kibuyu. Uji ukamwagika kidogo.

"Tunywe," alisema. "Lakini usinijaribu tena."

"Na wewe," Wacera akasema, machozi yakimshuka mbele ya kila mtu na hana mkono wa kuyafuta, "usinipite tena."